Sitara Isigeuke Ghala la Vumbi



Mfunguo Mosi umeingia, harusi zimefuatana mfululizo, na simu zetu zimejaa picha za vyumba vya mabibi harusi. Picha karibu zote ni zile zile. Kitanda kimetandikwa, mito imepangwa, na nyuma yake dirisha limevishwa pazia zito, ndani yake pazia jepesi, na siku hizi kioo chenyewe kimefunikwa na lile pazia la vibao tunaloliita blaindi. Mashaallah, yanapendeza, na mimi sina ugomvi na uzuri. Ugomvi wangu wa leo ni na jambo ambalo hatulisemi. Mapazia haya tunayatundika kwa ajili ya harusi, kisha hatuyagusi tena mpaka Shaabani ya mwaka unaofuata, tunapofanya usafi wa kuikaribisha Ramadhani. Wengine hata Shaabani inawapita.

Nasema wazi, na atakayekasirika anisamehe: hii ni desturi mbaya. Inaumiza vifua vya watoto wetu, inakula pesa za vijana wanaoanza maisha, na mbaya zaidi, tumeivisha jina la sitara ili isiulizwe. Neno langu kwa bibi harusi ni moja tu: usikubali kutundikiwa pazia ambalo hutaweza kulifua, wala blaindi ambayo hutaweza kuifuta.

Kwanza tuelewane sitara ni nini

Ukimwambia mtu apunguze mapazia, jibu la kwanza utakalopata ni hili: "Sisi Waislamu, nyumba yetu lazima iwe na sitara." Kweli kabisa. Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu ametufundisha tusiingie nyumba za watu mpaka tuombe ruhusa na tuwatolee salamu wenyewe. Na katika hadithi ya Sahl bin Saad, iliyomo kwa Bukhari na Muslim, mtu mmoja alichungulia chumba cha Mtume (S.A.W) kwenye tundu, na Mtume akabainisha kuwa ruhusa imewekwa kwa sababu ya jicho. Hiyo ndiyo maana ya sitara: jicho la nje lisifike pasipolihusu.

Sasa niambieni, jicho la nje linazuiwa na nini? Linazuiwa na kitambaa kimoja kisichoonyesha. Pazia la pamba lenye bitana jepesi linatosha. Blaindi peke yake, vibao vikielekezwa juu, inatosha. Tabaka la tatu na la nne halizuii jicho lolote la nje. Hayo yapo kwa ajili ya jicho la mgeni aliye ndani, na la yule atakayeiona picha.

Wako wanaojua habari ya Mama yetu Aisha (R.A) na pazia lake. Alitundika kitambaa, Mtume akarudi safarini, akakivuta na kukitatua. Riwaya moja inataja kuwa kilikuwa na picha, na Bi Aisha akakikata akakifanya mito ya kuegemea. Katika riwaya ya Sahihi Muslim, Mtume alieleza kuwa Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuvalisha mawe na udongo. Maulamaa wameizungumza, na Imamu Nawawi amesema kuvisha kuta kwa kitambaa ni jambo la kuchukiza, si haramu. Nami siharamishi kitu. Dirisha lina haja yake, na pazia la dirisha si sawa na ukuta uliovishwa bure. Lakini tuwe wakweli. Dirisha lina upana wa futi nne, na pazia linatoka pembe ya ukuta mpaka pembe nyingine, kutoka dari mpaka sakafuni, futi kumi na mbili za kitambaa kilichokunjwa mara mbili. Hapo tunasitiri dirisha au tunavisha ukuta?

Angalieni pia alichokifanya Bi Aisha baadaye. Hakukitupa kitambaa, alikipa kazi. Hilo nalo ni somo kwetu tunaobadilisha mapazia kila Idi huku ya zamani yamerundikwa juu ya kabati yanaliwa na mende.

Hali ya hewa yetu haina huruma

Wanaotuuzia fasheni hii wanatuonyesha picha za nyumba za nchi kavu na baridi. Sisi tuko kisiwani. Hewa yetu ina chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Inakaa juu ya kila kitu, inakula chuma, na ndiyo maana reli ya blaindi iliyonunuliwa mwaka jana leo ina kutu na vibao havigeuki. Miezi ya kaskazi inaleta jua na vumbi. Ikija masika, kuanzia Machi mpaka Mei, kitambaa chochote kizito kilichosimama karibu na ukuta kinashika ukungu. Utauona nyuma ya pazia, upande wa bitana: madoa meusi madogo madogo kama pilipili manga iliyotwangwa.

Wazee wetu wa Mji Mkongwe walilijua hili. Tazameni nyumba za zamani: ukuta mnene wa mawe, dari iliyo juu, na dirisha la mbao lenye vibao vilivyolazwa. Mwanamke aliyesimama nyuma ya vibao vile alimwona anayepita njiani, na yeye hakuonekana. Upepo uliingia, jua likabaki nje, na vibao vilifutwa kwa kitambaa. Sitara na hewa vilikwenda pamoja.

Sisi leo tumeweka madirisha ya alminiamu ya kusukuma, ambayo hata ukiyafungua yote unapata nusu ya dirisha. Hiyo nusu tunaiwekea wavu wa mbu, kisha blaindi, kisha pazia jepesi, kisha pazia zito. Upepo utapita wapi? Chumba kinakuwa na joto, tunawasha kiyoyozi, tunafunga dirisha kabisa, na yaliyomo ndani ya mapazia tunayavuta puani usiku kucha.

Na yaliyomo ni nini? Kwanza vumbi lenyewe. Pili ukungu. Tatu utitiri wa vumbi, wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wanaokula vipande vidogo vya ngozi vinavyotudondoka. Wanapenda joto na unyevu, yaani wanapenda Zanzibar kama sisi tunavyoipenda. Makazi yao makubwa ni godoro na mito, lakini pazia zito lisilofuliwa ni jirani yao wa karibu. Kinyesi chao ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha pumu, mafua ya mzio na macho kuwasha. Mama anampeleka mtoto hospitali mara ya tatu kwa kifua, anapewa dawa ya kuvuta, anarudi kumlaza chini ya dirisha lile lile, pembeni ya pazia lile lile. Sisemi kila kifua kinatokana na pazia. Nasema aliyeambiwa na daktari kuwa mtoto wake ana mzio wa vumbi, kisha akaogopa kulishusha pazia kwa sababu ya wageni, ajiulize wageni hao watamsaidia nini saa nane za usiku mtoto akishindwa kupumua.

Udi si sabuni

Tuna ujanja wetu sisi wanawake wa pwani. Chumba kikianza kunuka unyevu, tunatia kaa kwenye chetezo, tunafukiza udi, tunafunga mlango dakika kumi, tukitoka hapo chumba kinanukia kama cha malkia. Mimi mwenyewe udi siuachi. Lakini udi haufuti vumbi, na wala hauondoi ukungu. Unachofanya ni kuufunika uvundo kwa siku mbili, na mafuta ya ule moshi yanakaa juu ya vibao vya blaindi na kulinasa vumbi jipya. Ndiyo maana blaindi ya chumba kinachofukizwa kila Ijumaa ina uchafu unaonata, haufutiki kwa kitambaa kikavu. Na mwenye pumu, moshi katika chumba kilichofungwa ni adha juu ya adha. Safisha kwanza, fukiza baadaye, na acha dirisha wazi kidogo.

Liko na jingine ambalo tunaona haya kulitaja: mjusi. Nyuma ya pazia zito na juu ya sanduku la blaindi ndipo nyumbani kwake. Vumbi la kawaida ni tohara, halimharibii mtu sala yake. Lakini kinyesi cha mjusi, katika madhehebu ya Imamu Shafii ambayo wengi wetu visiwani tunayafuata, ni najisi. Na kwetu kibla kiko kaskazini. Hesabuni wenyewe ni vyumba vingapi ambavyo dirisha liko upande huo, na mswala unatandikwa chini yake hasa. Tunatia udhu kwa uangalifu, tunavaa nguo ya sala iliyopigwa pasi, kisha tunasujudu mahali ambapo pazia likitikisika na upepo linadondosha vitu. Tohara ambayo Mtume ameipa uzito wa nusu ya imani, katika hadithi ya Abu Malik Al-Ash'ari, haianzii wala haiishii kwenye birika la udhu.

Kamba na plastiki: haya msiyachukulie mzaha

Blaindi ina faida, nami naipendelea kuliko pazia la matabaka manne. Lakini ina hatari mbili ambazo wauzaji wetu hawazisemi.

Ya kwanza ni kamba. Ile kamba ya kupandishia na kushushia, hasa iliyofungwa kama kitanzi, inaweza kumnyonga mtoto mdogo, na inachukua muda mfupi kuliko mama kuchungulia chungu jikoni, wala mtoto hapigi kelele. Si hadithi za kutishana. Nchini Marekani, shirika la serikali linalosimamia usalama wa bidhaa limesema watoto takriban tisa wa umri wa miaka mitano kushuka chini hufa kila mwaka kwa sababu ya kamba za mapazia na blaindi. Ndiyo maana tangu mwisho wa mwaka 2018 kanuni za watengenezaji wa huko zinataka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari zisiwe na kamba za kufikiwa na mtoto. Huku kwetu za zamani zenye vitanzi zinaendelea kuuzwa na kufungwa juu ya vitanda vya watoto.

Basi ukinunua, omba isiyo na kamba, au yenye kijiti cha kuzungusha. Kama unayo ya kamba tayari, mwambie fundi apige kipande cha kuzungushia kamba ukutani, angalau mita 1.5 kutoka sakafuni, na kila ukimaliza kuvuta uizungushe hapo. Kitanda cha mtoto, kiti na kochi visikae chini ya dirisha hilo. Bibi harusi usiseme huna mtoto. Tunakuombea upate, na fundi wa kufunga anakuja mara moja tu.

Ya pili ni plastiki ya zamani. Mwaka 1996 shirika hilo hilo la Marekani liligundua kuwa blaindi nyingi za plastiki zilizoagizwa kutoka nje zilikuwa na madini ya risasi, na kwamba plastiki ikichakaa kwa jua na joto inatoa vumbi lenye risasi juu ya vibao. Mtoto akishika kibao na kutia mkono mdomoni, risasi inaingia mwilini, na risasi inaharibu ubongo wa mtoto. Watengenezaji walibadilisha. Lakini sisi tunanunua vya mitumba, vilivyotolewa kwenye nyumba za watu huko Ulaya na Arabuni, hatujui umri wake. Blaindi ya plastiki iliyogeuka rangi, ikawa inavunjika ukiigusa na inaacha unga mkononi, usiisafishe. Ishushe, ifunge kwenye mfuko, iondoke nyumbani. Kuifuta kila wiki hakuponyi kitu, maana vumbi linatoka ndani ya plastiki yenyewe.

Nani asafishe?

Hapa najua nitapata maneno. Katika mafunzo mengi ya wanawali, somo anamkalisha bibi harusi, anamfunza kuunga mchuzi, kujifukiza na kumpokea mume. Vizuri. Lakini juu ya pazia anaambiwa neno moja tu: "Nyumba isiwe chafu, utatutia aibu." Hafundishwi namna, wala haambiwi kuwa mume naye ana mikono.

Al-Aswad alimuuliza Bi Aisha alichokuwa akikifanya Mtume nyumbani kwake, akajibiwa kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na ukifika wakati wa sala akitoka kwenda kusali. Hadithi iko kwa Bukhari. Mbora wa viumbe alihudumia nyumba, sasa huyu bwana wa Mombasa au wa Mwanakwerekwe anayeona kupanda ngazi kushusha pazia ni kazi ya kike, mfano wake kaupata wapi? Pazia zito lililolowa ni mzigo. Kulitungua na kulirudisha kunataka watu wawili. Mwambie kwa upole, lakini mwambie.

Na kama unaye binti wa kazi, usimtupie yote. Tumehusiwa katika hadithi ya Abu Dharr kuwa wanaotutumikia tusiwakalifishe wasiyoyaweza, na tukiwakalifisha tuwasaidie. Binti wa miaka kumi na tisa anasimama juu ya kiti cha plastiki kilichowekwa juu ya meza, ndoo mkononi, anafuta blaindi ya ghorofa ya pili, na sisi tuko sebuleni tunachagua rangi ya mapazia mapya. Hiyo si sitara, ni dhulma.

Mfundishe pia jambo hili, nawe ulijue: jiki haichanganywi na siki, wala na dawa ya choo yenye asidi, wala na dawa ya vioo yenye amonia. Inatoa hewa ya sumu inayochoma mapafu. Watu wanachanganya kwa kudhani mbili zina nguvu kuliko moja. Katika chumba kilichofungwa, mtu anaweza kuzirai juu ya ngazi.

Namna ya kufanya

Nisije nikalaumu bila kuelekeza. Anza kila mara juu kwenda chini, na anza na kikavu kabla ya maji. Ukimwagia maji vumbi lisilopanguswa unafanya tope, na tope likikauka kwenye kona ya kibao ni shida kulitoa.

Blaindi ya alminiamu au plastiki nzima: shusha yote, geuza vibao vifunge upande mmoja. Vaa soksi ya zamani mkononi, pangusa kila kibao kutoka katikati kwenda pembeni kwa mkono mwepesi, maana alminiamu ikipinda hainyooki tena. Geuza upande wa pili, rudia. Mara moja kwa mwezi tumia kitambaa kilichokamuliwa katika maji ya uvuguvugu yenye matone ya sabuni ya vyombo, futa tena kwa maji matupu, kisha kausha. Usiache maji juu ya reli wala kwenye kamba. Ya jikoni inashika mafuta, hiyo ishushe, ilaze uani juu ya turubai, isugue kwa brashi laini na maji ya sabuni, suuza, itundike kivulini ikauke. Sehemu ya juu yenye mitambo isizame majini.

Blaindi ya mbao: maji ni adui yake. Soksi kavu au brashi laini, na palipo na doa kitambaa chenye unyevu kidogo tu, ukaushe hapo hapo. Ikilowa itapinda.

Blaindi ya kitambaa, ile ya kukunja juu: brashi laini au mashine ya kuvuta vumbi. Doa ligonge taratibu kwa sponji yenye maji ya sabuni, usilisugue. Jiki usiisogeze.

Pazia jepesi: lifue kila mwezi, lina wepesi wa kufulika na kukauka. Litundike likiwa bado na unyevu, uzito wake mwenyewe utalinyoosha.

Pazia zito: kwanza litoe nje ulikung'ute, ukiwa umejifunga kitambaa puani. Toa ringi na ndoano. Soma kile kijitambaa cha alama kilichoshonwa kwenye pindo. Kama ni pamba inayostahimili maji ya moto, nyuzi joto 60 zinaua utitiri. Kama haistahimili, fua kwa maji ya kawaida na ulikaushe juani barabara. Panga mara nne kwa mwaka, na moja iwe kabla ya masika, nyingine baada yake, upepo wa kusi ukiwa umeshika. Usifue pazia zito katikati ya mvua. Litakaa siku tatu halijakauka na utakuwa umelima ukungu kwa mkono wako.

Wavu wa mbu na njia ya chini ya dirisha msivisahau. Pazia safi juu ya wavu mchafu litachafuka siku hiyo hiyo upepo ukivuma.

Atakayeniambia "mimi nafanya kazi, sina nafasi", namwelewa. Lakini dirisha moja kwa soksi kavu halimalizi dakika tano. Chagua madirisha mawili kila Alhamisi jioni ukijiandaa na Ijumaa, na kwa mwezi umeizunguka nyumba nzima. Haba na haba hujaza kibaba, na vumbi nalo linafuata sheria hiyo hiyo. Na kama hata hilo huliwezi, basi hiyo ndiyo hoja yangu: punguza vya kusafisha.

Kwa mama wa bibi harusi na kwa bibi harusi

Mama zangu, tuacheni kuhesabu matabaka ya mapazia tunapokwenda kuangalia chumba. Mnajua wenyewe yanayotokea. Kijana ametoa mahari, ametoa kitanda, amelipa kodi ya nyumba, na bado shangazi mmoja anasimama mlangoni anasema, "Mapazia mbona mepesi?" Neno hilo moja linamtia kijana deni la miezi sita. Mwenyezi Mungu katika Suratul Aaraf ametuhalalishia mapambo, na katika sura hiyo hiyo ametukataza israfu. Pambo linaloanzisha ndoa kwa deni na likaishia kuwa nyumba ya mjusi limeshavuka mpaka. Wahenga walitwambia, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi tumehamisha maradhi kutoka mlangoni, tumeyaleta dirishani.

Wewe bibi harusi, fundi akija kupima, muulize maswali manne mbele ya mama yako. Hili linafuliwa? Naweza kulitungua mwenyewe na mume wangu? Likifunguliwa upepo utapita? Kamba yake iko wapi? Lisilojibika, libaki dukani. Chukua pazia moja lisiloonyesha, rangi yoyote uipendayo, pamoja na moja la akiba la kubadilisha siku ya kufua. Hayo mawili yatakutosheleza sitara yako, na pesa iliyobaki inunulie godoro zuri na foronya za kutosha, maana huko ndiko utakakolaza uso wako na wa mwanao.

Na wageni wakisema chumba hakijapambwa, waache waseme. Wataondoka saa kumi na mbili magharibi, na wewe utabaki humo unapumua.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe na sitara ya kweli, hewa safi na watoto wenye afya, na awabariki mabibi harusi wote wa mwezi huu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullah.